Ruzuku za serikali kwa mashirika ya hiari: nani anawajibika, na kwa ushahidi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa maofisa wanaotoa ruzuku, viongozi na wahasibu wa mashirika yanayozipokea, wajumbe wa kamati za bunge na mabaraza, na mwananchi anayetaka kujua fedha ya kodi imekwenda wapi. Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo viwango na muda vinavyotajwa hapa ni mifano ya nchi husika tu. Kabla ya kutia saini chochote, soma sheria ya fedha za umma ya kwenu na mkataba wenyewe.

Ruzuku inatofautianaje na zabuni?

Katika zabuni serikali inanunua: inasema inataka nini, inalipa bei, inapokea huduma au bidhaa. Katika ruzuku serikali inachangia kazi ambayo shirika lenyewe limejipangia kwa manufaa ya umma, na kwa kawaida shirika haliruhusiwi kupata faida kutokana na fedha hiyo. Kinachobaki bila kutumika kinarudishwa, au kinaendelea kutumika kwa idhini ya maandishi.

Tofauti hii ina uzito wake. Ofisa anayeita ununuzi "ruzuku" ili kukwepa ushindani amevunja sheria ya manunuzi. Anayeita ruzuku "zabuni" analitwika shirika adhabu za kibiashara, pengine na kodi, ambazo halikustahili kubeba. Jiulize: wazo la kazi hii limetoka kwa nani, na nani ataimiliki ikikamilika? Kama majibu yote mawili ni "wizara", huo ni ununuzi.

Fedha ikipotea, anayewajibika ni shirika au serikali?

Wote wawili, lakini kwa watu tofauti. Shirika linawajibika kwa aliyelipa fedha, kwa masharti ya mkataba. Serikali inawajibika kwa bunge na kwa wananchi, na wajibu huo hauhamishwi kwa mkataba wowote. Wizara inaweza kukabidhi kazi. Haiwezi kukabidhi jukumu la kueleza kwa nini ilitoa fedha, kwa nani, na ilifanya nini ilipoona mambo yanaharibika.

Katika nchi nyingi anayejibu ni afisa masuuli, yaani mtendaji mkuu wa wizara au taasisi anayesimamia fungu lake la bajeti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anakagua, kamati ya bunge ya hesabu inamwita afisa masuuli, naye hatakiwi kujibu "muulizeni shirika".

Tunasisitiza hili kwa sababu mzigo wa uwajibikaji huelekea kushuka chini. Shirika lenye watumishi wanne linadaiwa stakabadhi ya kila nauli, huku jalada la wizara iliyotoa fedha halina hata karatasi moja inayoeleza kwa nini shirika hilo lilichaguliwa. Ukaguzi unaoishia kwenye stakabadhi za mpokeaji umeona nusu ya mambo, na mara nyingi ni nusu iliyo rahisi kuona.

Jalada la uamuzi wa ruzuku linapaswa kuwa na nini?

Mtu asiyehusika, akilifungua miaka mitatu baadaye, aweze kuufuata uamuzi bila kumpigia simu mtu yeyote. Kwa kila ruzuku kuwe na:

1. Msingi wa kisheria na kifungu cha bajeti kinachoruhusu matumizi hayo.
2. Lengo la mpango, limeandikwa kabla ya maombi kupokelewa.
3. Tangazo la mwaliko, pamoja na vigezo na uzito wa kila kigezo. Kama hakukuwa na ushindani, sababu ya maandishi na jina la aliyeidhinisha.
4. Orodha ya maombi yote yaliyopokelewa, yakiwemo yaliyochelewa na yaliyokataliwa, na tarehe ya kila moja.
5. Fomu za alama za kila mtathmini, zilizosainiwa, pamoja na tamko la mgongano wa maslahi lililojazwa baada ya kuona majina ya waombaji.
6. Matokeo ya uchunguzi wa uwezo wa shirika.
7. Pendekezo la kamati, uamuzi wa mwisho, na maelezo ya kila mahali uamuzi ulipotofautiana na pendekezo.
8. Barua kwa waliokubaliwa na waliokataliwa, zikiwa na sababu.

Kipengele cha tano hukosewa kwa namna moja kila mara: watathmini husaini tamko la mgongano wa maslahi siku ya kwanza, kabla hawajajua nani kaomba. Tamko hilo halina thamani. Mtu hawezi kukiri kwamba shemeji yake ni mweka hazina wa shirika ambalo jina lake bado hajaliona.

Cha saba ndicho ambacho mkaguzi hukitafuta kwanza. Alama zikibadilishwa kwa kalamu baada ya kikao, bila saini na bila sababu, jalada zima hupoteza imani hata kama mabadiliko yalikuwa ya haki.

Waziri anaruhusiwa kubadilisha orodha iliyopendekezwa na wataalamu?

Katika mifumo mingi, ndiyo. Kiongozi aliyechaguliwa ana haki ya kuamua vipaumbele. Asichokuwa nacho ni haki ya kuamua kwa vigezo ambavyo waombaji hawakuambiwa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Australia. Mpango wa ruzuku za miundombinu ya michezo ya jamii, wa takriban dola milioni 100 za nchi hiyo, uligawiwa kwa vilabu na mabaraza kabla ya uchaguzi wa 2019. Januari 2020 ofisi ya ukaguzi ya taifa ilitoa ripoti: taasisi ya michezo ilikuwa imepima maombi na kutoa alama, lakini ofisi ya waziri iliendesha upimaji wake sambamba, na mgao ulielemea majimbo yenye ushindani mkali na yale ambayo chama tawala kililenga kuyatwaa. Katika awamu ya tatu, asilimia 73 ya miradi iliyoidhinishwa haikuwa imependekezwa na taasisi hiyo. Waziri aliyehusika, Bridget McKenzie, alijiuzulu Februari 2020 baada ya kubainika kwamba hakutangaza uanachama wake katika klabu iliyopata ruzuku.

Vilabu vyenyewe havikuwa na kosa. Viliomba, vikapewa, vikajenga. Anayepiga kelele "mashirika yanakula fedha" katika kisa kama hiki anamlenga mtu asiye na hatia.

Afisa masuuli akiona ruzuku haifai lakini waziri anaitaka, afanye nini?

Aandike. Uingereza ina utaratibu rasmi: mtendaji mkuu wa wizara akiona malipo hayalindi thamani ya fedha, anaomba agizo la maandishi kutoka kwa waziri. Akilipata, analipa, na jukumu la uamuzi huo linahamia kwa waziri. Agizo hilo hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kids Company, shirika la kusaidia watoto jijini London. Kwa miaka kadhaa lilipokea angalau pauni milioni 42 za serikali kuu, aghalabu bila kushindanishwa na wengine. Juni 2015 mtendaji mkuu wa ofisi husika aliomba agizo la maandishi kabla ya kutoa pauni milioni 3 zaidi. Agizo likatolewa, fedha ikalipwa mwishoni mwa Julai, na shirika likafungwa tarehe 5 Agosti 2015. Ripoti ya ukaguzi iliyofuata ilionyesha kwamba maofisa walikuwa wakieleza wasiwasi kwa miaka mingi, lakini kila mara ruzuku ikaendelea. Haki inadai tuongeze: mwaka 2021 mahakama ilikataa ombi la kuwazuia waliokuwa wakurugenzi wa shirika hilo wasishike nyadhifa za aina hiyo. Swali lililobaki wazi lilikuwa la upande wa mtoaji. Onyo lililoandikwa mara nyingi lilikosaje kubadilisha uamuzi hata mara moja?

Pale ambapo hakuna utaratibu wa agizo la maandishi, dokezo la ndani lenye tarehe, hoja na mapendekezo hutimiza sehemu ya kazi hiyo. Ushauri wa mdomo haupo kwenye jalada, na kwa mkaguzi haukuwahi kutolewa.

Kabla ya kutoa fedha, serikali ichunguze nini kuhusu shirika?

Usajili hai na katiba inayoruhusu kazi hiyo. Bodi inayokutana: omba mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita, uangalie kama hesabu zimewahi kujadiliwa au kila mara ni "taarifa ilipokelewa". Hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu. Akaunti ya benki iliyo kwa jina la shirika, yenye watia saini wasiopungua wawili wasio ndugu. Orodha ya ruzuku nyingine zinazoendelea, ili gharama moja isilipiwe mara mbili.

Kisha piga hesabu moja rahisi: akiba isiyofungwa kwa mradi wowote, gawanya kwa matumizi ya wastani ya mwezi. Shirika lenye akiba ya 12,000 na matumizi ya 24,000 kwa mwezi linaweza kuishi wiki mbili tu fedha ikichelewa. Hiyo siyo sababu ya kulinyima. Ni sababu ya kupanga malipo kwa uangalifu na kutolichelewesha. Pia tazama sehemu ya mapato inayotoka kwenye ruzuku yako peke yake. Ikizidi nusu, kusitisha ruzuku ni sawa na kulifunga shirika, na uamuzi huo utakuwa mgumu zaidi kila mwaka unaopita.

Fedha itolewe kabla ya kazi au baada?

Hapa ndipo ruzuku nyingi nzuri huharibika, kwa hiyo tuingie kwenye tarakimu.

Chukua ruzuku ya 120,000 kwa mwaka, inayotolewa kwa awamu nne za 30,000. Shirika linatumia 10,000 kwa mwezi. Mkataba unasema awamu inayofuata italipwa baada ya ripoti ya robo mwaka kupokelewa na kukubaliwa. Shirika linahitaji siku 30 kufunga hesabu na kuandika ripoti, wizara siku 45 kuipitia na kulipa. Jumla ni siku 75 ambazo shirika halina fedha ya mradi, yaani pengo la takriban 25,000. Lisipokuwa na akiba hiyo litafanya moja kati ya matatu: litachelewesha mishahara, litakopa kwa riba ambayo haikubaliki kulipwa kwa ruzuku, au litachota kwenye fedha ya mfadhili mwingine. La tatu ndilo hutokea zaidi, na ndilo huandikwa na mkaguzi kama "matumizi yasiyoidhinishwa". Chanzo chake ni ratiba iliyotungwa wizarani.

Tiba yake inajulikana. Ruhusu ombi la awamu inayofuata pale asilimia 75 ya awamu iliyopita ikishatumika. Kwa mfano wetu hiyo ni 22,500, inayofikiwa mapema mwezi wa tatu, na zinabaki wiki tatu za fedha mkononi. Omba muhtasari wa ukurasa mmoja na taarifa ya benki, na wizara ijifunge kulipa ndani ya siku 15 za kazi. Ripoti kamili ije baadaye.

Kulipa baada ya kazi kunafaa kwa mashirika makubwa yenye akiba. Kwa vikundi vidogo ni kuvizuia kuomba bila kusema hivyo waziwazi.

Na kuna tatizo la mwisho wa mwaka wa fedha. Fedha ikitolewa mwezi wa mwisho kwa sharti kwamba itumike kabla ya hesabu kufungwa, shirika litanunua vitu, kwa sababu vitu hununuliwa kwa siku moja ilhali kazi na watu huhitaji muda. Mkaguzi anayekuta kompyuta sita mpya kwenye mradi wa ushauri nasaha aangalie kwanza tarehe ambayo hazina ilitoa fedha.

Gharama zipi zinakubalika?

Gharama hukubalika ikiwa imetokea ndani ya muda wa mkataba, inahitajika kwa kazi iliyoidhinishwa, imo kwenye bajeti, ina ushahidi, na haikulipiwa na mtu mwingine. Zinazokataliwa karibu kila mahali ni faini, riba za mikopo, madeni ya zamani, pombe, zawadi, na kazi iliyofanyika kabla ya mkataba kuanza.

Na gharama za uendeshaji, kama kodi ya ofisi na mhasibu?

Ni gharama halali, na serikali inayokataa kuzilipa inajidanganya. Mradi hauwezi kutoa ripoti safi za fedha bila mhasibu. Nchini Marekani, shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana na serikali linaruhusiwa kudai asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja baada ya baadhi kuondolewa. Kabla ya mabadiliko ya Oktoba 2024 ilikuwa asilimia 10. Katika ruzuku nyingi za Umoja wa Ulaya kiwango ni asilimia 7.

Gharama za pamoja ndizo huleta hoja nyingi za ukaguzi, hasa mishahara. Meneja analipwa 3,000 kwa mwezi na amefanya kazi saa 160. Karatasi yake ya muda inaonyesha saa 64 kwenye mradi A, 48 kwenye B, 32 kwenye C, na 16 kwenye shughuli za jumla za ofisi. Basi mradi A utabeba 1,200, B 900, C 600, na 300 zitaingia kwenye gharama za uendeshaji. Jumla ni 3,000, hakuna kilichozidi.

Linaloharibika ni kwamba kila bajeti iliandikwa peke yake, kwa wakati wake: A ilipewa asilimia 60 ya meneja, B asilimia 50. Kila mfadhili anaona ripoti yake tu, na kila ripoti iko sawa. Ukiziweka mezani pamoja, meneja analipwa asilimia 110. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Mhasibu alifuata bajeti badala ya muda halisi. Hata hivyo fedha inarudishwa. Njia ya kujikinga ni jedwali moja la watumishi wote na miradi yote, linalosasishwa kila mwezi, na kila safu ya mtumishi lazima itimie 100.

Mkaguzi anafuatiliaje malipo? Atatafuta nini?

Huanza na mstari mmoja wa ripoti na kurudi nyuma. Tuseme ripoti inasema: "Semina ya siku mbili, washiriki 30." Ataomba hati ya malipo na kuangalia nani aliidhinisha, na kama tarehe ya idhini ilitangulia semina. Ataomba ankara ya ukumbi na kuilinganisha na taarifa ya benki: kiasi kilekile, jina lilelile. Ataomba orodha ya mahudhurio ya kila siku, siyo moja kwa siku zote mbili. Kisha atachagua washiriki watano na kuwapigia simu: ulihudhuria, siku ngapi, ulilipwa kiasi gani?

Dalili zinazomfanya azidi kuchimba ni hizi: saini 30 zenye mwandiko mmoja na wino mmoja, stakabadhi za duka moja zenye namba zinazofuatana ingawa tarehe zimeachana miezi mitatu, nukuu tatu za bei zenye makosa yaleyale ya tahajia, malipo mengi yaliyo chini kidogo tu ya kiwango kinachohitaji idhini ya bodi, na fedha taslimu mahali ambapo benki ingewezekana.

Shirika lisingoje mkaguzi. Mjumbe wa bodi asiye mhasibu anaweza kila robo mwaka kuchagua malipo kumi bila mpangilio na kuyafuata njia hiyohiyo. Kazi hiyo huchukua nusu siku.

Je, kila shirika likaguliwe hesabu zake na mkaguzi wa nje?

Hapana. Ukaguzi wa nje unagharimu, na kwa kikundi kidogo unaweza kumeza sehemu kubwa ya ruzuku yenyewe. Nchi huweka viwango. Marekani hudai ukaguzi maalumu kwa shirika linalotumia dola 1,000,000 au zaidi za fedha za serikali kuu kwa mwaka. Kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya 1 Oktoba 2024 kiwango kilikuwa 750,000. Chini ya hapo hutosha uhakiki mwepesi, taarifa za benki na ziara. Ukaguzi ukidaiwa, gharama yake iwe kwenye bajeti ya ruzuku tangu mwanzo.

Ripoti nyingi zaidi huleta uwajibikaji zaidi?

Kanada ilijaribu njia hiyo. Januari 2000 wizara ya rasilimali watu ilichapisha ukaguzi wa ndani wa majalada 459 ya miradi na kukuta mengi hayana ushahidi wa ufuatiliaji wa fedha. Mengine hayakuwa hata na fomu ya maombi. Kelele za kisiasa zikawa kubwa, zikizungumzia upotevu wa dola bilioni nzima. Ufuatiliaji wa baadaye ulionyesha kwamba fedha isiyoweza kuelezwa ilikuwa kidogo mno ukilinganisha na kelele zile: nyaraka ndizo zilikosekana, kazi ilikuwa imefanyika. Lakini mwitikio wa serikali ulikuwa tabaka juu ya tabaka la udhibiti. Mwaka 2006 jopo huru lililoteuliwa na serikali likasema masharti yamekuwa mzigo kwa mashirika na kwa maofisa wenyewe, wala hayakuongeza uwajibikaji wa kweli. Lilipendekeza udhibiti ulingane na ukubwa wa hatari.

Kipimo chetu ni hiki: kwa kila ripoti unayoidai, taja ofisa atakayeisoma na uamuzi utakaobadilika kutokana nayo. Ukishindwa, iondoe. Ripoti isiyosomwa ni hatari kuliko isiyoombwa, maana inaleta dhana kwamba kuna mtu anaangalia. Na ikija kubainika baadaye kwamba ripoti ya mwezi wa nne ilikuwa na onyo, wizara ndiyo itakayoulizwa kwa nini ilinyamaza.

Vipimo vya matokeo viandikweje?

Tenganisha kilichofanyika na kilichobadilika. "Tumefundisha watu 200" ni shughuli. "Watu 130 kati ya 200 wanaendelea kutumia ujuzi huo miezi sita baadaye" ni badiliko. Omba vipimo vitatu au vinne tu, pamoja na hali ilivyokuwa kabla ya kuanza. Usilihukumu shirika kwa jambo lisilo mikononi mwake, kama ajira za mji mzima. Epuka pia kulipa kwa idadi tupu: shirika linalolipwa kwa kila kichwa litachagua watu rahisi kuhudumiwa na kuwaacha wenye shida kubwa, ambao ndio sababu ya ruzuku kuwepo.

Shirika linalopokea ruzuku linaweza kuikosoa serikali?

Ndiyo, na lazima liweze. Serikali ina haki ya kusema fedha hii ni ya huduma, isitumike kwa kampeni za kisiasa. Haina haki ya kununua ukimya wa shirika katika kazi ambayo shirika linaifanya kwa fedha nyingine. Uingereza ilitangaza Februari 2016 kifungu cha kuzuia fedha za ruzuku kutumika katika kushawishi serikali na bunge. Mashirika yalipinga, yakieleza kwamba maneno yale yangeweza kuzuia hata kupeleka ushahidi bungeni au kutoa maoni wizara inapoyaomba. Kabla ya mwaka kwisha kifungu kiliachwa na viwango vya jumla vya ruzuku vikachukua nafasi yake.

Kwenye mkataba, tafuta maneno kama "kulinda taswira ya mtoaji" au "kutotoa taarifa yoyote bila idhini". Omba yafutwe, au yafafanuliwe kwamba yanahusu matumizi ya nembo na siri za watu binafsi tu.

Shirika kubwa likipewa fedha ligawie vikundi vidogo, nani anajibu?

Mnyororo hauvunjiki. Kikundi kinajibu kwa shirika, shirika kwa wizara, wizara kwa bunge. Lakini mkataba wa juu lazima umpe Mkaguzi Mkuu haki ya kufika mpaka ngazi ya mwisho. Bila kifungu hicho ataishia kwenye mlango wa shirika la kwanza. Wizara ipate orodha ya vikundi vyote, kiasi cha kila kimoja, na ada ambayo shirika la kati linabaki nayo. Angalia pia masharti yanavyoteremka: mara nyingi kila ngazi huongeza yake kwa kujilinda, hadi kikundi cha mwisho kinadaiwa zaidi ya ilivyodaiwa na serikali.

Vifaa vilivyonunuliwa kwa ruzuku ni vya nani mradi ukiisha?

Mkataba useme. Usiposema, mgogoro ni wa hakika. Kila kifaa cha thamani kiwe na namba, kiandikwe kwenye rejista ya mali (tarehe, bei, chanzo cha fedha, kilipo, anayekitumia) na kihesabiwe kwa macho angalau mara moja kwa mwaka.

Ubadhirifu ukishukiwa, hatua za kwanza ni zipi?

Linda ushahidi kabla ya kuuliza maswali: nakala za taarifa za benki, kumbukumbu za mfumo wa hesabu, barua pepe. Badilisha watia saini. Bodi imjulishe mtoaji kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba, hata kama uchunguzi haujakamilika. Shirika linalojitangaza lenyewe hutendewa tofauti na linalogunduliwa.

Upande wa serikali, sitisha malipo yanayohusika na fikiria wanaohudumiwa: nani atawahudumia wiki ijayo? Tenganisha kosa la nyaraka na wizi. Stakabadhi iliyopotea hudai maelezo au kurejesha kiasi hicho. Stakabadhi ya kughushi hudai polisi. Wizara zinazotumia adhabu moja kwa yote mawili hufundisha mashirika kuficha makosa madogo. Na mtoa taarifa alindwe kuanzia simu ya kwanza.

Serikali itangaze nini hadharani?

Kwa kila ruzuku: jina la mpokeaji na namba yake ya usajili, kiasi, lengo, tarehe za kuanza na kumalizika, wizara iliyotoa, na kama kulikuwa na ushindani. Marekani ililazimisha hili kwa sheria ya 2006, na tovuti ya kutafuta malipo ya serikali ikafunguliwa mwaka uliofuata. Data itolewe katika jedwali linaloweza kupangwa na kujumlishwa. Picha ya karatasi iliyoskaniwa haitoshi. Majina ya wanaohudumiwa, hasa wagonjwa, watoto na waathirika wa ukatili, yasichapishwe kamwe. Kwa makazi ya siri, hata anuani ya mpokeaji ifichwe.

Mimi ni mwananchi tu. Nianzie wapi?

Anza na kitabu cha bajeti na utafute kifungu cha ruzuku cha wizara husika. Linganisha na orodha ya waliopokea, kisha na ripoti ya mwisho ya Mkaguzi Mkuu. Pakiwa na pengo, andika ombi la taarifa ukitaja nyaraka kwa majina: "Naomba tangazo la mwaliko, vigezo na uzito wake, jumla ya alama za waombaji wote, na dokezo la uamuzi wa mwisho kwa mpango huu, mwaka huu wa fedha." Ombi la "taarifa zote kuhusu ruzuku" hukataliwa kwa urahisi kwa kuwa ni pana mno.

Hata ukijibiwa kwamba nyaraka hizo hazipo, umepata taarifa. Liombe jibu hilo kwa maandishi, lenye tarehe na cheo cha aliyejibu, kisha lipeleke kwa Mkaguzi Mkuu na kwa mjumbe wa kamati ya bunge ya hesabu.

Nyaraka zitunzwe muda gani?

Kwa ruzuku za Marekani ni miaka 3 tangu ripoti ya mwisho ya fedha. Kwa zile za Umoja wa Ulaya ni miaka 5 baada ya malipo ya mwisho, au 3 kwa ruzuku isiyozidi yuro 60,000. Kukiwa na ukaguzi, kesi au rufaa inayoendelea, muda unasimama na hakuna kinachoharibiwa hadi shauri liishe. Karatasi za stakabadhi za mashine hufifia, mara nyingi kabla muda huo haujafika, kwa hiyo piga nakala siku uliyoipokea na uibane pamoja na ile halisi. Wizara nayo itunze jalada lake la uamuzi kwa muda usiopungua ule inaoudai kwa shirika.